Abebe Bikila: Kutoka Miguu Mitupu hadi Kiti cha Magurudumu

Utangulizi

Anayetoka Voi kupitia Mwatate, akapanda hadi Wundanyi na kuendelea hadi Mwanda, huiacha tambarare ya Tsavo chini yake na kuingia katika nchi ambayo ni miinuko mitupu. Huko Mwanda shamba la mtu huweza kuwa juu ya paa la jirani yake, na mtoto anapojifunza kutembea hujifunza pia kupanda. Mwenye miguu mizima huiona milima hiyo kuwa jambo la kawaida. Asiyekuwa nayo huiona kuwa ukuta. Kati ya watu hao wawili pana umbali mdogo mno kuliko tudhaniavyo, na wahenga waliujua umbali huo waliposema kwamba hujafa hujaumbika.

Hapana mtu katika Afrika ya Mashariki ambaye maisha yake yaliuthibitisha usemi huo kwa ukamilifu kama Abebe Bikila wa Ethiopia. Yeye naye alikuwa mtoto wa nyanda za juu. Miguu yake ilimfikisha kileleni mwa riadha ya dunia mara mbili, kisha ikamwacha. Baada ya hapo aliishi miaka minne na nusu akiwa mlemavu, akashindana tena, na akapokelewa na umma akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Hakuwa mwanasiasa kwa maana ya kugombea kiti au kuhutubia mikutano. Hata hivyo, ni vigumu kumtenga na siasa za nchi yake, kwa kuwa dola ilimlea, ikamtukuza, ikamtia mashakani na mwishowe ikamzika. Makala haya yanayafuatilia maisha hayo ili kulichunguza suala moja: mwanariadha aliyepatwa na ulemavu huingiaje katika maisha ya umma, na huingia humo kama nani?

Aidha, historia ya Ethiopia si ngeni kabisa kwa wenyeji wa Taita na Taveta. Italia ilipoivamia nchi hiyo katika miaka ya 1930, baadhi ya Wahabeshi walivuka mpaka na kuingia Kenya. Walihifadhiwa kambini Isiolo na baadaye Taveta, chini ya milima hii hii. Vita vilivyowafukuza watu hao makwao ndivyo vilivyoyaanza maisha ya Abebe.

Kuzaliwa na Malezi

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, mkoani Shewa, si mbali na mji wa Debre Berhan. Familia yake ilikuwa ya Waoromo, watu wa kilimo na mifugo. Alikuwa na umri wa miaka mitatu tu majeshi ya Mussolini yalipoivamia Ethiopia mnamo Oktoba 1935. Mwezi Mei 1936 mji mkuu wa Addis Ababa ulianguka, na Mfalme Haile Selassie akakimbilia Uingereza, ambako aliishi uhamishoni katika mji wa Bath. Familia ya Abebe nayo ililazimika kuhama kijiji chao. Mfalme alirejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, baada ya majeshi ya Uingereza na wapiganaji wazalendo kuwashinda Waitaliani.

Utoto wa Abebe ulikuwa wa kawaida kwa watoto wa nyanda hizo. Alichunga mifugo, akatembea na kukimbia masafa marefu, na akacheza gena, mchezo wa magongo na mpira ambao Wahabeshi huucheza hasa wakati wa Krismasi yao. Hakuna aliyemwona kuwa mwanariadha. Kukimbia hakukuwa mchezo bali njia ya kufika mahali.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alihamia Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme. Kikosi hiki hakikuwa jeshi la kawaida. Kilikuwa fahari ya ufalme, kilichopewa mafunzo na vifaa bora kuliko vikosi vingine, na askari wake walikuwa karibu na kasri kuliko raia yeyote. Kwa hiyo, tangu siku alipovaa sare, kijana huyu wa Jato alikuwa amekwisha kuingia katika uwanja wa dola, ingawa yeye mwenyewe alitafuta ajira tu.

Ndani ya kikosi alikutana na Onni Niskanen, Mswidi mwenye asili ya Ufini aliyekuwa Ethiopia tangu 1946, akifundisha mazoezi ya viungo na michezo. Niskanen aliona kwamba Waethiopia waliozaliwa na kukulia katika mwinuko unaozidi mita 2,000 walikuwa na akiba ya pumzi ambayo wenzao wa pwani za Ulaya hawakuwa nayo. Alilolifanya ni kuiongezea akiba hiyo nidhamu: mbio za kasi, mbio za masafa, mapumziko yaliyopimwa, na kumbukumbu za saa zilizoandikwa kila siku. Ethiopia ilikuwa imeshiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Melbourne mwaka 1956, bila kupata nishani. Miaka minne baadaye Niskanen alikuwa na mtu wa kumpeleka Roma.

Usiku wa Roma

Mashindano ya marathoni ya Roma yalifanyika tarehe 10 Septemba 1960. Kwa kuhofia joto, waandalizi waliyaanzisha jioni, na wakimbiaji wakamalizia gizani katika Barabara ya Appia, iliyoangazwa na mienge iliyoshikwa na askari. Abebe alikuwa amejaribu viatu vipya vikamtia malengelenge, na akaamua kukimbia peku kama alivyozoea mazoezini. Watazamaji wengi walimchukulia kuwa kioja. Hakuwa na jina, hakuwa na viatu, na alitoka katika nchi ambayo haikuwahi kupata nishani yoyote.

Kwa sehemu kubwa ya mwendo alikuwa sambamba na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Karibu na mwisho njia iliwapitisha penye mnara wa Aksum, jiwe la kale ambalo Waitaliani walilipora Ethiopia mwaka 1937 na kulisimamisha Roma kama kumbukumbu ya ushindi wao. Mwendo mfupi kutoka hapo palikuwa na Tao la Konstantino, mahali pa kumalizia. Katika sehemu hiyo ya mwisho Abebe alimwacha Rhadi na kufika peke yake, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2. Haukuwahi kurekodiwa muda bora kuliko huo katika marathoni. Rhadi alifuata kwa tofauti ya sekunde 25 hivi, na Barry Magee wa New Zealand akawa wa tatu.

Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Olimpiki kwa Mwafrika mweusi aliyeiwakilisha nchi huru ya Afrika. Maana yake ilizidi mpaka wa michezo. Mwaka huo huo nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, na Waafrika wengine, wakiwamo wa Kenya na Tanganyika, walikuwa wangali chini ya bendera ya mkoloni. Askari wa mfalme aliyefukuzwa na Italia mwaka 1936 alikuwa ameushinda ulimwengu katika mji mkuu wa Italia, kwa miguu mitupu, mbele ya jiwe lililoporwa kwao. Abebe hakutoa hotuba yoyote ya kisiasa kuhusu jambo hilo, wala hakuhitaji kutoa. Mwili wake ulikuwa umekwisha kusema. Mnara wenyewe ulirejeshwa Ethiopia mwaka 2005.

Lipo tukio jingine la Roma ambalo halitajwi sana anapotajwa Abebe. Olimpiki ilipofungwa, wiki moja baadaye, tarehe 18 Septemba 1960, yalifunguliwa katika mji huo huo mashindano ya walemavu ambayo leo yanahesabiwa kuwa Olimpiki ya kwanza ya Walemavu. Wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 walishindana wakiwa katika viti vya magurudumu. Abebe alishangiliwa Roma akiwa na miguu mitupu, nao wakashindana humo wakiwa hawana matumizi ya miguu. Hapana aliyeyahusisha mambo hayo mawili.

Mapinduzi na Mashaka

Abebe alirejea Addis Ababa akapokewa kwa gwaride, akavishwa nishani na mfalme na kupandishwa cheo kuwa koplo. Miezi mitatu tu baadaye siasa ilimfuata mlangoni. Mnamo Desemba 1960, Haile Selassie akiwa ziarani Brazil, kamanda wa Kikosi cha Walinzi, Jenerali Mengistu Neway, pamoja na nduguye Germame Neway, walijaribu kuipindua serikali. Jeshi la nchi kavu na la anga liliendelea kumtii mfalme, na jaribio hilo likazimwa kwa umwagaji wa damu ndani ya siku chache. Germame alikufa akiwa mafichoni, na Mengistu akanyongwa mwaka uliofuata.

Askari wa kikosi kizima wakawa washukiwa, shujaa wa Roma akiwa miongoni mwao. Abebe aliwekwa kizuizini, akahojiwa, kisha akaachiliwa. Hakuwa kiongozi wa njama hiyo wala mwenye kuipanga. Lakini tukio hilo lilidhihirisha jinsi nafasi yake ilivyokuwa tete. Sare iliyompa mazoezi, mshahara na safari ya Roma ndiyo iliyoweza pia kumpa kitanzi. Tangu hapo alijiweka mbali na mambo ya utawala, akashika mbio zake na utumishi wake. Katika nchi isiyoruhusu vyama vya siasa, ambamo bunge lililochaguliwa tangu 1957 halikuwa na nguvu mbele ya kiti cha enzi, kunyamaza kulikuwa pia ni msimamo wa kisiasa, na pengine ndio pekee uliokuwa salama kwa koplo.

Tokyo na Mexico

Mwaka 1961 Abebe alishinda marathoni za Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikuwa wa tano huko Boston. Ulipokaribia msimu wa Olimpiki ya Tokyo ya 1964 aliugua na kupasuliwa kuondolewa kidole tumbo, ikiwa imebakia takriban wiki tano tu kabla ya mashindano. Wengi walidhani ameishia hapo.

Tarehe 21 Oktoba 1964, mara hii akiwa amevaa viatu, alikimbia marathoni ya Tokyo kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, muda bora mwingine wa dunia. Aliyemfuata, Basil Heatley wa Uingereza, alichelewa kwa zaidi ya dakika nne. Alipomaliza, Abebe hakuanguka wala hakushikiliwa na mtu. Alikwenda kwenye nyasi katikati ya uwanja akaanza kunyoosha viungo mbele ya maelfu ya watu walioduwaa. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Mwezi uliofuata Tokyo nayo ikawa mwenyeji wa mashindano ya walemavu. Kwa mara ya pili Abebe alikuwa ameutangulia mlango ambao hakujua kwamba ungekuja kuwa wake.

Mfalme alimpandisha cheo tena na kumtunuku gari dogo la Volkswagen. Katika Addis Ababa ya wakati huo gari halikuwa chombo cha usafiri tu. Lilikuwa alama ya mtu aliyetoka kundi la watembeao na kuingia kundi la wapandao. Aliyekuwa amezishinda njia zote za dunia kwa miguu alipewa, kama heshima ya juu, kitu cha kumwondolea haja ya miguu.

Huko Mexico mwaka 1968 Abebe alianza marathoni akiwa na jeraha la mguu, akajitoa baada ya takriban kilomita 17. Mwenzake wa kikosini, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda, na dhahabu ikabaki Ethiopia kwa mara ya tatu mfululizo. Abebe alikuwa na umri wa miaka 36. Sasa alikuwa na cheo cha kapteni, shambel kwa Kiamhari, na jina hilo Wahabeshi humwita hata leo.

Ajali

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha Volkswagen yake kuelekea Addis Ababa kutoka upande wa Sheno. Gari lilipinduka, na uti wake wa mgongo ukavunjika. Alipooza tangu shingoni kwenda chini. Wiki moja baadaye alisafirishwa hadi Uingereza na kulazwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi minane. Polepole mikono ilirudi. Miguu haikurudi tena.

Yafaa kueleza Stoke Mandeville ilikuwa mahali gani. Kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo kilianzishwa huko mwaka 1944 na daktari Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyeukimbia utawala wa Wanazi mwaka 1939. Kabla yake, mtu aliyevunjika uti wa mgongo alilazwa kusubiri kufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, kisha wakalishwe, kisha wafanye kazi, kisha washindane. Tarehe 29 Julai 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, wanajeshi majeruhi 16 walishindana kurusha mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Kutokana na mbegu hiyo ndogo ndipo yalipochipuka mashindano ya Roma ya 1960.

Kwa hiyo, hospitali aliyolazwa Abebe ilikuwa shule ya fikra mpya kuhusu ulemavu. Aliyeiasisi alikuwa mkimbizi wa ufashisti, kama alivyokuwa mfalme wa Abebe kule Bath, na kama walivyokuwa Wahabeshi wa Taveta. Wageni wengi walifika kumjulia hali kapteni huyo, akiwamo Malkia Elizabeth wa Pili. Lakini jambo lililombadilisha zaidi halikuwa ziara ya wakuu. Lilikuwa kuishi miongoni mwa watu ambao hawakumhurumia, kwa kuwa nao walikuwa katika viti kama yeye.

Mwanariadha kwa Mara ya Pili

Mnamo Julai 1970 Abebe alishiriki Michezo ya Stoke Mandeville katika kurusha mishale na tenisi ya meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway katika mashindano ya walemavu, na huko akashinda mbio za kilomita 25 kwa kijigari cha kuteleza juu ya theluji. Mtu aliyezaliwa karibu na mstari wa ikweta na kuushinda ulimwengu kwa nyayo, sasa alikuwa ameshinda juu ya theluji.

Ushindi huu haukupigiwa mbiu kama ule wa Roma, na makala nyingi za maisha yake huutaja kwa sentensi moja. Kuna kosa katika kufanya hivyo. Masimulizi ya kawaida hugawanya maisha ya Abebe mafungu mawili, utukufu na msiba, kana kwamba ajali ilimfuta mwanariadha na kumwacha mgonjwa. Matendo yake yanaukataa mgawanyo huo. Aliyekwenda Norway alikuwa mwanariadha yule yule wa Sululta, aliyebadilisha chombo tu.

Mwezi Agosti 1972 michezo ya walemavu ilifanyika Heidelberg, Ujerumani Magharibi, na Kenya ikashiriki kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa mwezi huo Abebe aliingia uwanja wa Olimpiki wa Munich akiwa mgeni wa heshima, juu ya kiti cha magurudumu, na umati ukasimama kumshangilia. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni ya mwaka huo, alimwendea kumpa mkono.

Hapa ndipo panapostahili kutuliwa. Umati wa Munich ulimshangilia nani? Je, ni mtu wa Norway au kumbukumbu ya mtu wa Roma? Inaelekea ni kumbukumbu. Wanamichezo wa Heidelberg walikuwa wameshindana wiki chache tu zilizopita katika mji mwingine, baada ya kukosa nafasi Munich, na hapana umati kama huo uliosimama kwa ajili yao. Ulimwengu ulikuwa tayari kumpenda mlemavu mmoja kwa jinsi alivyokuwa zamani, kabla ya kuwa tayari kuwaheshimu walemavu wote kwa jinsi walivyo.

Kifo

Abebe Bikila alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 mjini Addis Ababa, kutokana na damu kuvuja ubongoni, tatizo lililohusishwa na ajali ya miaka minne iliyotangulia. Alikuwa na umri wa miaka 41. Alimwacha mkewe, Yewebdar, na watoto wanne. Alizikwa kijeshi katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu, mfalme mwenyewe akihudhuria pamoja na makumi ya maelfu ya watu, na taifa likatangaziwa siku ya maombolezo.

Mwaka huo njaa ilikuwa ikiwaua watu wengi katika mkoa wa Wollo, na hasira dhidi ya ufalme ilikuwa ikitokota. Tarehe 12 Septemba 1974 Haile Selassie aliondolewa madarakani na wanajeshi wa Dergi. Kikosi cha Walinzi nacho kikatoweka pamoja na kiti cha enzi kilichokuwa kikikilinda. Abebe hakuuona mwisho huo. Mamo Wolde, aliyeuona na kuendelea kuishi chini ya utawala mpya, baadaye alishtakiwa kuhusiana na mauaji ya enzi za Dergi, jambo alilolikana. Alikaa gerezani takriban miaka tisa, na akafa mwaka 2002, miezi michache baada ya kuachiliwa. Watu hao wawili walitoka kikosi kimoja na kushinda mbio zile zile. Tofauti ya hatima zao yakumbusha kwamba mwanariadha wa dola hachagui daima iwapo ataingia katika siasa. Mara nyingi siasa ndiyo humchagua.

Mlango Ambao Haukuwapo

Sasa tulirejee suala la mwanzo. Kwa nini Abebe, aliyekuwa na jina kuliko waziri yeyote wa nchi yake, hakuwa sauti ya walemavu wa Ethiopia katika vyombo vya utawala? Jibu rahisi ni kwamba alikufa mapema na kwamba alikuwa mtu mkimya. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi. Sababu kubwa zaidi ni kuwa nafasi yenyewe haikuwapo. Katika ufalme, heshima ilishuka kutoka juu kama zawadi: cheo, nishani, gari. Anayepewa zawadi hushukuru, hadai. Ulemavu nao ulihesabiwa kuwa jambo la huruma, hospitali na kanisa. Haukuhesabiwa kuwa jambo la sheria. Shujaa angeweza kupewa kiti cha magurudumu na mfalme, lakini hapakuwa na njia ya kuuliza ni kwa nini wengine hawana.

Njia hiyo ilijengwa baadaye na kwingineko. Katiba ya Uganda ya 1995 ilifungua mlango kwa wawakilishi wa walemavu bungeni, na tangu 1996 wamekuwamo wabunge watano kwa ajili hiyo. Kenya ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2003. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikaelekeza kwamba angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, kwa kutekelezwa hatua kwa hatua. Seneti ikatengewa maseneta wawili wa kuwawakilisha, mwanamke na mwanamume. Huko Uingereza, mwaka huo huo wa 2010, Tanni Grey-Thompson, mshindi wa nishani 11 za dhahabu za Olimpiki ya Walemavu katika mbio za viti vya magurudumu, aliingia katika Bunge la Malodi. Akawa mtetezi wa walemavu mwenye kura na kauli. Safari ambayo kwa Abebe haikuwa na barabara, kwake ilikuwa na barabara.

Hata hivyo, kuwapo kwa kiti bungeni si sawa na kuwapo kwa njia ya kukifikia. Katika nchi ya miteremko kama Mwanda, suala la ulemavu huanza mbali sana na Nairobi. Huanza katika kijia kinachopanda kutoka nyumbani hadi barabarani, ngazi za zahanati, choo cha shule, na kituo cha kupigia kura kilichowekwa juu ya kilima. Mwenye kiti cha magurudumu asipoweza kufika penye sanduku la kura, kifungu cha 54 kwake ni maandishi tu. Siasa ya ulemavu, kabla haijawa hotuba, ni mteremko uliosawazishwa.

Hitimisho

Maisha ya Abebe Bikila yamesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya miguu: miguu iliyokimbia peku, miguu iliyovaa viatu, miguu iliyokufa. Kwa hakika ni hadithi ya jinsi jamii inavyomtazama mtu. Roma ilimdharau kwa kutovaa viatu kisha ikamshangilia. Addis Ababa ilimtunuku, ikamshuku na kumtunuku tena. Munich ilimsimamia kwa ajili ya jana yake. Ni Stoke Mandeville na Norway tu zilizomtaka ashindane kama alivyokuwa siku hiyo.

Katika hayo mna somo kwa wanaoishi juu ya milima na wanaoishi tambarare. Mlemavu anayestahili kusikilizwa si lazima awe aliwahi kuwa bingwa. Abebe alihitaji nishani mbili za dhahabu ili ulimwengu usimame mbele ya kiti chake. Jamii iliyo ya haki ni ile ambayo mtoto wa Mwanda asiyeweza kutembea atapewa njia ya kupita bila kuulizwa kwanza aliwahi kushinda nini.